Kabla hujamwita mtu akukatie minyaa, mtafutie miwani

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na kama itakuwa ndefu mnivumilie maana hili jambo limenikaa moyoni.

Mimi naishi Shinyanga mjini na nyumba yetu imezungukwa na minyaa, ile mimea ya ua yenye utomvu mweupe kama maziwa, kama nyumba nyingi tu za huku Usukumani. Ule ua niliukuta, aliupanda mama mkwe, na sijawahi kuufikiria kama kitu cha hatari, tunaanika nguo juu yake, kuku wanalala chini yake, basi. Mwezi uliopita ulikuwa umezidi, umeinamia njia mpaka watu wa bodaboda wanalalamika, nikamwita kijana mmoja anayepitaga mtaani na panga lake kutafuta vibarua, tukaelewana bei akaanza kazi.

Akageuza ndoo akapanda juu maana matawi yalikuwa yamemzidi kimo, yani anakata vitu vilivyo juu ya kichwa chake huku maziwa yanamdondokea. Mara nikamsikia anaguna, kuangalia hivi anajifuta jicho la kulia na mgongo wa mkono, na mkono wenyewe umejaa utomvu mpaka kwenye kiwiko, umeshaanza kunata na kuwa mweusi kwa vumbi. Nikamuuliza vipi mwanangu, akasema hamna shida mama, ni tone tu. Nikampa kikombe cha maji akajimwagia usoni mara mbili akaendelea na kazi. Kikombe kimoja! Kila nikikikumbuka kile kikombe naumia, maana bombani maji yalikuwepo.

Saa mbili usiku dada yake akanipigia simu, jicho limevimba limefunga, na akilazimisha kulifungua anaona ukungu tu. Nafika kwao nakuta jirani ameshamkamulia maziwa ya mama anayenyonyesha, na mwingine amekuja na chupa ya matone ya jicho iliyobaki kwa mgonjwa wake sijui wa mwaka gani. Wote walikuwa na nia njema, siwalaumu hata kidogo, ila muda ulikuwa unakwenda.

Hospitali swali la kwanza tuliloulizwa ni hili, mliosha kwa maji muda gani? Nikakosa la kusema. Ndo tukaelezwa kwamba utomvu wa mnyaa unachubua kile kioo cha mbele cha jicho, na ubaya wake mwanzoni unaweza kuwasha kidogo tu mtu akajiona mzima, halafu masaa machache baadae ndo maumivu yanakuja yote na macho yanafifia. Kwa hiyo zile dakika za mwanzo wakati mtu bado anasema hamna shida ndo za kuokoa jicho. Unatakiwa umlaze au ainamishe kichwa upande wa jicho lenye shida, ufungue kope kwa vidole vyako visafi, umimine maji safi taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 15 mpaka 20 bila kukatisha hata akilalamika, asisugue, halafu hospitali hapohapo. Maziwa ya mama hapana. Na matone ya kununua bila kupimwa hapana kabisa, kuna mengine yana dawa ambayo jicho lenye kidonda linaweza kuharibika zaidi.

Alikaa siku tisa bila kufanya kazi. Sasa hivi anaona vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini siku tisa kwa mtu anayekula kwa panga lake ni nyingi, na aliyemwita ni mimi. Ndo maana naandika. Mwenye ua ndo anayejua ua wake ni wa nini, kibarua anakuja mgeni, leo anakata michongoma kwa fulani kesho minyaa kwa fulani, kwa hiyo kumwambia ni kazi yetu sisi na miwani ni juu yetu sisi, sio yeye aanze kudai.

Na sisemi minyaa ing'olewe jamani. Huku kwetu kwenye ukame ni nini kingine utapanda kikamee bila kumwagilia, ng'ombe wasikile, kisikugharimu hata shilingi? Hata jina la Ziwa Manyara inasemekana limetokana na neno la Kimaasai la huu huu mmea, jinsi walivyouzungushia maboma yao. Wazee wetu walikuwa wanaujua vizuri, kuna sehemu walikuwa wanautwanga na kuutumia kama sumu ya samaki, kwa hiyo waliuheshimu. Sisi tumerithi ua ila ile heshima hatukurithi.

Kingine, wenzangu mnaopenda maua. Kuna ule mti wa maua ya njano kama kengele na majani membamba yanayong'aa, watu wanaupanda getini na mashuleni kwa sababu unapendeza, una matunda ya kijani ambayo watoto wanachezea mbegu zake. Zile mbegu zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo na inaua. Mtoto akizila usimtapishe, usimpe mafuta wala maziwa, kimbiza hospitali na beba tunda au tawi ili daktari ajue anashughulika na nini. Na lile ua la sebuleni lenye majani mapana ya kijani yenye mabaka meupe, mtoto akitafuna jani ulimi na midomo inavimba na kuungua hata kuongea hawezi, maana ndani yake kuna vijisindano vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mfute mdomo, asukutue kwa maji ya baridi, na akianza kupumua kwa shida usisubiri. Nilipolinunua langu niliambiwa tu lipende kivuli na maji kidogo, basi. Ndugu zangu wauza miche naomba sana, mkishasema habari ya kivuli na mbolea ongezeni sentensi moja tu, hili usiliweke mtoto anapofikia.

Kwa kukata minyaa nimejifunza haya. Miwani ya plastiki ya mafundi inayofunika pembeni, shati la mikono mirefu na glovu. Simama upande upepo unakotokea, na usikate juu ya kichwa chako, shusha kidogo kidogo au tumia kitu chenye mpini mrefu. Maziwa yakikugusa ngozi osha kwa sabuni mapema maana yakikauka yananata na yanatoa malengelenge. Dumu la maji safi liwe palepale kabla panga halijaguswa. Na yale matawi msiyachome, moshi wake unawasha macho ya mtaa mzima, wala usiyatupe hovyo kwa jirani maana kipande kikilala kwenye udongo kinaota.

Jumamosi iliyopita yule kijana amerudi kumalizia upande wa nyuma, mwenyewe kaomba. Nilimuwekea miwani na dumu la lita 20 kwenye kivuli cha mwembe. Akaivaa, akaisogeza ikae sawa, akaanza na matawi ya chini.

Msomaji wenu,
Shinyanga mjini