Ripota akipenda mchezaji, mechi aandike mwingine

Mhariri habari za kazi, mi huku Mbeya binti yangu kaniambukiza hizi riwaya za Kimarekani za ripota anayependana na mchezaji wa besiboli, tamu kweli ila zinanikera. Ligi kuu yao timu inacheza mechi 162 kwa msimu, sasa huyo dada anazunguka nao halafu anaandika eti jamaa kacheza vizuri, nani atamwamini? Na wenzie walihangaika jamani, mpaka Melissa Ludtke, ripota wa jarida la Sports Illustrated, akashinda kesi mwaka 1978 ndo maripota wa kike wakaruhusiwa kuingia vyumba vya wachezaji pale Yankee Stadium, uwanja wa besiboli wa New York. Hebu fikiria ripota wetu wa uwanja wa Sokoine anatoka na straika wa Prisons, siku ya dabi na Mbeya City atamponda kweli? Thubutu!

Msomaji wenu, Mwanjelwa