Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Mama amekosa misiba mitatu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kivule, Dar es Salaam. Mwaka huu Mama amekosa misiba mitatu. Wa tatu ulikuwa wa rafiki yake wa tangu usichana, kule Mbagala.

Mama anatumia kiti-mwendo tangu alipopata kiharusi. Siku ya mazishi tulifika kituoni saa moja asubuhi. Daladala zilisimama, konda akatutazama, akagonga bodi, gari likaondoka. Konda wa nne alituambia wazi kwamba kiti kinakula nafasi za watu wawili. Saa nne tukarudi nyumbani, Mama amejifunika khanga usoni.

Yule kijana simlaumu sana. Ana hesabu ya tajiri, mwenye gari, ya kufikisha jioni, na kila dakika anayosimama, gari la nyuma linamchukulia abiria. Biashara ikiendeshwa hivyo, anayeachwa ni anayechelewa kupanda: mzee, mjamzito, mwenye magongo.

Nikilieleza jambo hili huwa naulizwa kama hospitali anafika. Anafika. Ndugu tunachanga, tunakodi bajaji. Lakini nani atachanga kila Jumamosi ili Mama aende kwenye kikoba? Alikuwa mweka hazina wao. Hakuna aliyemfukuza, daftari lilihamia kwa mwingine kwa sababu yeye haonekani. Nawe unajua, Mheshimiwa, kwetu mtu asiyeonekana misibani anavyohesabiwa. Siku hizi halali vizuri, na chakula anaacha nusu.

Mara moja nilimpeleka Kimara tukapanda mwendokasi. Sakafu ya kituo na ya basi zimelingana, kiti kikaingia bila kumwomba mtu. Akakaa dirishani mpaka Kivukoni, na tulipofika akaomba tugeuze tu, twende tena. Mabasi hayo yapo tangu 2016, kwa hiyo hatuwezi kuambiwa haiwezekani. Kwa sisi wa Kivule kazi ni kukifikia kituo chake, na hata awamu ya tatu ya mwendokasi, ya kwenda Gongo la Mboto, haitatusaidia kama tutakwama kabla ya kuifikia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009, na ibara yake ya 9 inautaja usafiri waziwazi. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ndiyo inayotoa leseni za daladala. Naomba leseni za njia zinazolisha mwendokasi ziwe na sharti: katika kila njia yawepo magari yenye mlango mpana na ubao wa kupandishia kiti, na saa zake zibandikwe kituoni. Tajiri atakayeyaweka apunguziwe ada, ili konda asiingie hasara kwa kumsubiri mtu. Anza hata na njia moja.

Arobaini ya rafiki yake Mama ni mwezi ujao. Hiyo nimeshaiwekea pesa ya bajaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kivule