Mheshimiwa, daftari la jina langu lilikuwa kwa mtu mwingine

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia biashara, Lamu

Assalamu alaikum,

Mimi ni fundi wa milango na viti vya enzi, karakana yangu iko Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui. Nasikia idara yako yaandaa mafunzo mengine ya biashara mtandaoni. Nimeona nikuandikie hadharani kabla hayajaanza, maana lililonipata mimi laweza kumpata muuza halua au mwenye jahazi la watalii kesho.

Tovuti yangu ina jina linaloishia na .co.ke. Mwaka huu nilihamisha picha zangu kwa kampuni nyingine ya kuhifadhi tovuti, ile ya kwanza ilikuwa ghali. Kuanzia hapo mambo yakawa nusu nusu. Mteja wa Nairobi akiandika www mbele ya jina aona milango. Asipoiandika, aona ukurasa mtupu wenye matangazo ya watu wengine. Mimi nikalaumu mtandao wa simu. Nikazima simu, nikawasha, nikapanda darini kutafuta mnara. Ujinga mtupu, lakini nani angeniambia?

Aliyeniambia ni mpwa wangu, alipokuja likizo. Tulikaa barazani, akanieleza kwa lugha ya mji huu. Mgeni akishuka gatini akiuliza nyumba ya fundi, hapewi namba ya mlango. Atauliza Mkunguni, aambiwe aende Langoni, na Langoni atampata mtu anayeijua nyumba yenyewe. Intaneti nayo huuliza hivyo hivyo. Seva za .ke, yaani kompyuta zinazojibu maulizo ya majina hayo, ambazo zasimamiwa na KeNIC, shirika la majina ya intaneti ya Kenya, hazijui tovuti yangu iko wapi. Zinalojua ni nani ameshika daftari langu, nazo humwelekeza muulizaji huko. Daftari ndilo lenye rekodi: ile ya A hutoa namba ya seva ya tovuti, ile ya MX husema barua pepe zipelekwe wapi.

Basi kijana wa kampuni mpya alikuwa amejaza daftari jipya, safi kabisa. Lakini huko .ke bado waulizaji walikuwa wakielekezwa kwa lile la zamani, ambalo mtu alibadilisha rekodi ya www akaisahau ya jina tupu lisilo na www. Wiki mbili tulirekebisha daftari lisilosomwa na mtu yeyote.

Kubadilisha maelekezo hayo ni kazi ya dakika tano, Mheshimiwa, kwa mwenye paswedi. Mimi sikuwa nayo. Aliyenitengenezea tovuti aliandikisha jina kwa barua pepe yake na simu yake, naye siku hizi yu Doha. Simlaumu kwa ubaya, alitaka kunipunguzia usumbufu. Ila kisheria jina la karakana niliyorithi kwa babangu lilikuwa lake. Nilimpigia wiki tatu mpaka akanitumia zile tarakimu za uthibitisho. Je, angekuwa amefariki? Au tumegombana?

Tulipohamia daftari jipya, tovuti ikafunguka vizuri, nikawanunulia watu kahawa. Barua pepe zikakatika. Kumbe ukihamia daftari jipya, rekodi za zamani hazikufuati, na hakuna aliyenakili ile ya MX. Mpwa wangu alifungua kompyuta akaandika amri ya kuuliza rekodi hiyo, nslookup -type=mx na jina letu. Hakikurudi kitu. Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake: seva ya anayetuma huweza kujaribu tena na tena kwa siku kadhaa kabla ya kumwambia mwenyewe kwamba barua haikufika. Mtu wa Uholanzi aliyetaka mlango wa mbambakofi alidhani nimempuuza. Amekwisha nunua kwingine.

Hata baada ya kurekebisha, wengine waliendelea kuona mambo ya zamani. Kila rekodi huwa na muda wake wa kukumbukwa, unaohesabiwa kwa sekunde. Yetu ilikuwa 86400, yaani siku nzima. Aliyeuliza asubuhi atabaki na jibu lile lile mpaka kesho yake asubuhi, hata kama wewe umebadilisha adhuhuri. Ungeshusha hadi 300 siku mbili kabla ya kubadilisha rekodi, ungesubiri dakika tano tu. Sikulijua hilo, nikawa nabadilisha kila saa nikidhani nimekosea, na nikaharibu kilichokuwa tayari kimenyooka.

Ninaloomba si fedha. Katika mafunzo hayo, kabla ya kufundishwa kupiga picha nzuri, kila mfanyabiashara afunguliwe akaunti ya jina lake yeye mwenyewe, kwa simu yake, ili tangazo la kulipia upya kila mwaka limfikie yeye. Na vijana watakaolipwa na kaunti kututengenezea tovuti, mkataba wao useme kazi haijakwisha mpaka mwenye duka amekabidhiwa paswedi na karatasi moja iliyochapishwa: rekodi zote za daftari, na jina la kampuni inayolishika. Karatasi, ndiyo. Yangu nimeibandika ndani ya kabati la tindo, na mwanangu ajua ilipo.

Mpwa wangu atakuwepo hadi mwisho wa mwezi, na amekubali kuwasaidia wenzetu bure kuangalia majina yao yameandikishwa kwa nani. Twahitaji chumba chenye umeme na meza mbili. Ukituruhusu kutumia chumba cha idara alasiri moja, nitawaita watu wa Langoni na Mkomani, na wa Shela waje kwa mashua.

Wasalaam,
Fundi wa milango, Langoni