YAH: MALALAMIKO KUHUSU ATHI ILIYO KWENYE ANKARA YENU NA HAIPO ARDHINI

Uyole, Mbeya
14 Julai 2025

Meneja,
Kampuni ya Ufundi Umeme,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Salaam. Natumaini kwako ni wazima. Kwangu si hivyo.

Masharti ya kazi yenu sina haja ya kukukumbusha, mmeyabandika wenyewe pale mapokezi: kila nyumba athi (ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja), kila kazi dhamana ya miezi 12. Nyumba yangu ina miezi saba. Kwa hiyo naanzia Jumanne, tarehe 8 Julai, saa nne asubuhi, ofisini kwenu.

Nilifika na mama yangu mzazi, mkono una bandeji. Nikamweleza kijana wa kaunta kwamba mama amepigwa shoti bafuni akifungua bomba la shawa. Akaitwa fundi mkuu. Hakuuliza nyumba ni ipi, hakuomba ankara. Alisema, mbele ya wateja wanne, "Mwambie bibi akioga avae kandambili." Watu wakacheka.

Kandambili, ndugu Meneja.

Mama alikuja kutoka Tukuyu mwezi Juni. Baridi ya Uyole mwezi wa sita unaijua, ndiyo maana nilinunua hita ya kuogea. Yeye alitaka maji ya kuchemsha kwenye sufuria kama alivyozoea, mimi ndiye niliyembembeleza. Hita ni ya wati 5,500, na kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta kama ampea 24. Fundi wenu aliichomeka kwenye waya mwembamba wa milimita 2.5 za mraba unaolisha soketi za sebuleni. Breka ya ampea 20 ikawa inadondoka kila mtu akioga. Nikapiga simu, mkaja siku hiyohiyo (hapo nawasifu), mkaing'oa, mkaweka ya 40. Ikaacha kudondoka. Nami kwa ujinga wangu nikamnunulia fundi soda. Kumbe breka kazi yake ni kuulinda waya, na mkiipandisha hivyo, waya utaungulia ukutani yenyewe imetulia tu.

Hilo la waya bado dogo. Mama alipigwa Jumamosi tarehe 5, simu zenu zikaita bila kupokewa, Jumapili nikaita fundi mwingine. Alipofungua hita tukakuta waya wa kijani na njano, ndio wa athi, umekatwa, umekunjwa, haujashikishwa popote. Akatoka nje kwenye ile fimbo ya athi, ya shaba ya futi nne, mliyonitoza. Akazima mein swichi, akaivuta kwa mkono mmoja. Ikatoka. Ni kipande cha nondo, kifupi kuliko rula ya mwanangu ya shule. Kiko hapa mezani ninapoandika. Na kwenye fomu yenu mmeandika "athi imepimwa, iko sawa", mkagonga na muhuri. Mlipima nini?

RCD nayo nimeilipia, ile inayokata umeme ukivuja hata miliampea 30. Kwenye boksi nafasi yake imezibwa na plastiki. Breka ya ampea 40 binadamu haimjui. Umeme wa kumuua mtu ni mdogo mno kwake kuustukia.

Nirudi ofisini kwenu, maana ndilo linaloninyima usingizi. Mama alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, amejitanda kitenge. Ana miaka 71. Fundi mkuu alitoka ndani na chapati mkononi, hakumwamkia, hakumtazama hata huo mkono. "Mwambie bibi akioga avae kandambili." Akacheka yeye kwanza, kisha kaunta, ndipo wateja. Kiswahili mama anakisikia vizuri sana. Akainuka, akaniambia twende mwanangu, na alipofika mlangoni akageuka akawaambia, "Ndaga." Aliwashukuru! Na kwa taarifa yenu, siku ile bafuni kandambili alikuwa amezivaa.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mrekebishe athi ndani ya siku 14 basi yaishe. Hayaishi. Sitaki tena fundi wenu akanyage kwangu kwa kazi. Nataka ndani ya siku saba mnirudishie shilingi 1,640,000 zote, na gharama za hospitali, risiti nimeambatisha. Na huyo fundi mkuu aje Uyole amwombe mama radhi, aongozane na mtu mzima wa kwao, asitume ujumbe wa simu.

Siku ya nane nondo, picha na fomu yenu yenye muhuri vitakuwa EWURA, wanaowapa leseni, na nakala kwa mwanasheria.

Mtaani kwetu mmefunga umeme nyumba nne nyingine. Nimeanza kuzipitia na yule fundi, tunazima mein swichi, tunavuta fimbo. Jana tumepita mbili. Ya kwanza iligoma. Ya pili imetoka.

Mteja wenu,
Uyole.