Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Filamu ya Studio za Picha na Vijana Wetu wa Kujitolea

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Hesabu mnazo kwenye taarifa ya mhazini, sitazirudia. Mimi nitasema zaidi juu ya filamu yetu fupi ya studio za picha za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hasa vijana tuliowaomba waje kututafitia bila mshahara.

Kazi mnaijua. Gomes alipiga picha hapa tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Picha za masultani na za mitaa zimeshaonekana sana. Nyingi zimo katika mkusanyiko wa Winterton, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na mtu anazitazama kwa simu yake. Sisi tulitaka za majumbani, zile za bi harusi na watoto siku ya Idi, zinazokaa sandukuni. Nyingi hazina maandishi. Majina anayo bibi, basi.

Waliojitokeza wengi ni wanafunzi wanaotafuta pahala pa mafunzo kwa vitendo. Walifundishwa kushika picha kwa pembeni, kunakili mbele na nyuma kwa sababu mhuri wa studio mara nyingi uko nyuma, na kutobandua picha iliyogandana na kioo cha fremu. Tena waombe ruhusa mara mbili: ya kunakili, halafu ya kuonyesha. Ya pili ndiyo ngumu. Bibi mmoja wa mtaa wetu wa Malindi alikubali picha ya harusi yake inakiliwe, lakini wanaume wasiione maadamu yu hai. Hawataiona.

Milango hiyo tulifunguliwa na vijana wa kike. Wenzao wa kiume waliishia barazani, wakanyweshwa kahawa, wakarudi na habari za mpira. Na hao hao wa kike ndio waliotuacha mapema: wengi wanatoka shamba, nje ya mji, na nauli ya daladala ilitoka mifukoni mwa wazazi. Waliobaki ni wenye jamaa hapa mjini. Mwanachama mmoja kaniambia kujitolea ni kujitolea, zamani nani aliuliza posho? Kwa heshima zote, simkubalii. Zamani tulikuwa tunakwenda kwa miguu, na sote tulikuwa wa Shangani na Malindi.

Kwa hiyo kamati inaomba mpitishe nauli na chakula cha mchana kwa kila siku ya kazi, barua rasmi kwa chuo cha kila kijana, na majina yao yatangulie yetu viongozi mwishoni mwa filamu. Fedha zitoke fungu la safari za kamati. Najua hapo patakuwa na maneno.

Bado kuna nyuso zisizo na majina. Jamaa zao waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine wako Maskati, wengine Uingereza. Mwenye ndugu huko amwone katibu baada ya mkutano. Nakala zilizopewa ruhusa anazo kwenye simu.