Eneo pekee halitoshi kueleza ladha ya wiski

Mhariri,

Inazoeleka kusemwa kwamba wiski ya Uskoti ya kimea (shayiri iliyochipuliwa) ya kisiwa cha Islay ni moshi, ya Speyside ni utamu wa matunda, ya Lowland ni nyepesi. Kauli hizo zina asili yake, lakini zinawapotosha wanunuzi.

Kanuni za wiski za mwaka 2009 zinalinda majina matano ya maeneo ya Uskoti: Highland, Lowland, Speyside, Campbeltown na Islay. Jina linathibitisha mahali wiski ilipokenekwa tu. Shayiri yaweza kutoka kwingine, na pipa la mwaloni laweza kukaa miaka yake isiyopungua 3 katika ghala lolote la Uskoti.

Moshi hutoka kwenye mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza kwenye vinamasi, inayochomwa ili kukausha shayiri iliyochipua. Hunata vizuri maganda yakiwa bado na unyevu. Yakishakauka, hata uchome mboji nyingi kiasi gani, unapoteza kuni bure. Kiwanda cha Ardbeg cha Islay hutumia kimea chenye fenoli, kemikali zinazoleta harufu ya moshi, takriban sehemu 55 kwa milioni, ilhali viwanda vya Bunnahabhain na Bruichladdich, kisiwa hicho hicho, wiski zao nyingi hazina moshi. Benriach, iliyoko Speyside, inayo ya moshi. Tena namba hiyo ni ya kimea, si ya kinywaji. Sehemu kubwa hupotea njiani, na kwa kuwa fenoli nzito hutoka mwishoni mwa kukeneka, fundi anayewahi kuacha kukusanya kinywaji kinachotoka huuacha moshi nje ya pipa.

Mahali panapohusika kweli ni kwenye mboji yenyewe. Ya Orkney, visiwa visivyo na miti mingi, imejaa mabaki ya vichaka vya hedha (heather), na moshi wake una harufu ya maua na asali. Wa Islay hunukia dawa ya kidonda na mwani.

Mengine ni kazi ya kiwanda. Kuchachuka chini ya saa 50 huleta ladha ya nafaka na karanga. Kukizidi saa 70, matunda hujitokeza.

Anayetaka kulinganisha maeneo achague chupa zilizokomaa katika mapipa ya aina moja, kwa mfano yaliyowahi kuwa na burboni, wiski ya Marekani. Akiweka ya pipa la sheri, mvinyo mkali wa Uhispania, karibu na ya burboni, atakuwa anapima mapipa. Mililita 20 zinatosha, katika glasi yenye mdomo mwembamba: anuse kwanza, kisha adondoshe matone machache ya maji na kunusa tena. Yenye moshi mwingi iwe ya mwisho, maana ikitangulia, ulimi hautasikia nyingine.

Msomaji wenu