Kwa wazazi vijana: hofu yenu ianzie chini ya sinki

Wanangu na wajukuu zangu mliokwisha kuwa wazazi,

Salamu nyingi. Nilifundisha kemia sekondari karibu maisha yangu yote ya kazi, na tangu nistaafu simu yangu haitulii kwa maswali yenu. Chupa ya plastiki iliyoachwa juani inaleta saratani? Kikaango kilichochubuka kitupwe? Sabuni hii iliyoandikwa "asilia" ni salama kweli? Naona mna hofu, na hofu si aibu kwa mtu mwenye mtoto mchanga. Ila hofu yenu haijui pa kuanzia. Yupo asiyegusa maji ya chupa kwa kuogopa plastiki, na papo hapo mafuta ya taa kayatia kwenye chupa ya soda, kaiweka sakafuni, na mtoto anatambaa.

Basi barua hii ni ya kuipanga hofu. Tuanze na kinachoweza kuua leo, twende kwenye kinachodhuru taratibu, na hayo ya kwenye simu tuyaweke nyuma, ndiko kunakoyafaa.

Kinachoua leo ni chupa isiyo yake. Mtoto hajui kusoma, lakini umbo la chupa ya soda analijua vizuri kuliko jina lake. Mafuta ya taa, jiki, dawa ya kuua wadudu, asidi ya choo: kila kimoja kibaki kwenye chombo kilichonunuliwa nacho, kifuniko kimekazwa, mahali pa juu penye kufungwa. Wauzaji wanaopima dawa ya wadudu kwenye vichupa visivyo na maandishi msinunue kwao hata wakiwabembeleza. Siku mtoto akinywa, hospitali haitajua imtibu nini.

Na akinywa, sikilizeni vizuri hapa, msimtapishe. Hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni, iko mapafuni. Kiasi kidogo tu kikiteleza kwenye njia ya hewa, mapafu huvimba na mtoto hushindwa kupumua. Ukimtapisha unayapitisha tena palepale. Jiki na asidi nazo huunguza koo zikishuka, na huliunguza tena zikipanda. Wala msimlazimishe maziwa eti yanakata sumu. Mkimbizeni hospitali pamoja na chombo chenyewe, daktari aone alichokunywa. Ikiwa imemrukia machoni au kwenye ngozi, hapo maji ndiyo dawa: maji safi yanayotiririka, dakika 15 mpaka 20 bila kukatisha, ndipo safari ya hospitali ianze.

Jambo la pili linaloua leo ni kuchanganya. Jiki ni hipokloriti ya sodiamu iliyoyeyushwa majini. Ikikutana na asidi, iwe ile kali ya kusafishia choo au hata siki, inaachia gesi ya klorini. Ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia mitungi karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikawaua wanajeshi ndani ya mahandaki. Kule ulikuwa uwanja wa wazi wenye upepo. Chooni ni chumba kidogo, mlango umerudishwa, na mtu ameinama juu ya kile anachokichanganya.

Wanaochanganya si wajinga. Wanafuata hesabu inayoonekana sawa kabisa: hii inasafisha, ile inasafisha, zikikaa pamoja zitasafisha maradufu. Kemikali hazijumlishwi hivyo. Jiki na siki huharibiana, na kinachobaki ni gesi. Jiki ikikutana na dawa yenye amonia hutoa gesi za kloramini, ambazo nazo huchoma macho na kifua. Mkojo nao unaweza kufanya hivyo, kwa hiyo mtu anayemwaga jiki kwenye ndoo ya nepi zilizolala na mkojo asishangae macho yakimtoka machozi. Suuzeni kwanza kwa maji mengi. Ikitokea mmechanganya, tokeni nje, acheni mlango wazi, msirudi kumwaga wala kuokoa ndoo.

Jiki yenyewe siikatazi. Nawaomba tu muitumie kwa akili. Sugueni uchafu kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Tumieni maji ya baridi. Ya moto huiharibu. Ikiwa lebo inasema ni ya asilimia 5, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 49 vya maji kinatoa asilimia 0.1, na hicho kinatosha kuua vijidudu mezani na sakafuni. Changanyeni ya siku hiyo, kesho itakuwa imepoteza nguvu. Na kusema kweli siku nyingi hamuihitaji kabisa. Nyumba isiyo na mgonjwa inasafishwa na sabuni, maji na mkono usio mvivu. Hata zile sabuni za kunawia zilizotangazwa kuua bakteria hazikuonyesha ushindi wowote: mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 ndani yake, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji, wala kwamba ni salama kwa kuvitumia kila siku.

Sasa yale ya taratibu. Hapa nitawaudhi baadhi yenu, lakini mzee asiyeudhi ana kazi gani?

Krimu za kujichubua. Baadhi yake huwekwa zebaki, metali yenye sumu, kwa sababu zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Tatizo ni kwamba haikai kwenye ngozi. Inapenya, inakwenda kwenye figo, inagusa mishipa ya fahamu. Na haimdhuru anayepaka peke yake. Inabaki kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye shavu la mtoto anayelazwa kifuani. Mama anaweza kuwa makini na kila kitu kinachoingia kinywani mwa mwanawe, huku sumu inapita kwenye kumbatio. Dunia imeshakubaliana juu ya hili: upo Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia baharini, ikaingia kwenye samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa watu. Mkataba ulipitishwa mwaka 2013, na mwaka 2023 nchi wanachama zikaamua kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe. Bado vinauzwa. Kwenye lebo tafuteni maneno kama mercury, mercuric, mercurio au calomel. Kuna na dalili nyingine ambayo wengi hawaijui: krimu inayoonya isiguse dhahabu, fedha, alumini au vito inawaambia yenyewe kilichomo. Isiyo na lebo kabisa msiijadili, iacheni.

Risasi, si ya bunduki bali metali yenyewe (lead), ikiwa ndani ya rangi za ukutani ni ndugu wa zebaki. Marekani ilizuia rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978, nchi nyingine zimechelewa, nyingine hazijafika. Kwa hiyo kuta, milango na madirisha ya zamani yashukuni. Rangi iliyotulia haina neno. Balaa ni vumbi lake ikibanduka au ikipigwa msasa. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inapunguza akili ya mtoto, na kilichopungua hakirudi. Msikwangue rangi kuukuu ikiwa kavu. Lowesheni kwanza, mjamzito na watoto wawe mbali, na sakafu ifutwe kwa tambara bichi badala ya ufagio. Tambara bichi ni zuri siku zote, maana vumbi la ndani ndimo zinamojikusanya kemikali za rangi, za magodoro na za plastiki, na mtoto hutambaa humo kisha akalamba vidole. Viatu vya nje vibaki mlangoni.

Mnaoweka nguo za mtoto kabatini na vile vidonge vyeupe vya nafthalini, viondoeni. Wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu, na kwao mvuke wa nafthalini uliojaa nguoni unaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Hakuna anayemjua mtoto huyo kwa kumtazama.

Na mnaopuliza dawa za kusafishia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka 20. Wanawake waliokuwa wakisafisha, kwa ajira au nyumbani kwao, mapafu yao yalidhoofika haraka kuliko ya wasiosafisha. Ninyi waume mnaosoma barua hii mkidhani ni ya wake zenu, anayevuta hewa hiyo kila siku ni nani nyumbani kwenu? Na kama mmeajiri dada wa kazi, mpeni glavu, mfungulieni madirisha, na msimwachie chupa asizoweza kusoma lugha yake. Dawa ya kusafishia ipulizieni kwenye kitambaa, si hewani. Manukato ya kupuliza chumbani sioni yanafanya kazi gani. Hayaondoi harufu mbaya, yanaongeza nyingine juu yake, na chanzo kinabaki palepale kinaoza. Usafi hauna harufu ya limau wala ya maua.

Yale ya kwenye simu nayamaliza haraka. Ulaya ilizuia bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, kwenye chupa za watoto za plastiki mwaka 2011, na sababu ilikuwa ya maana, kwa hiyo msipashe chakula wala maziwa ya mtoto ndani ya plastiki. Kioo na chuma cha pua vipo. Kikaango kisichogandisha msikiache mtupu juu ya moto mkali, kinatoa moshi mbaya. Kipande kilichochubuka ukakimeza hupita tu. Na neno "asilia" lisiwalaze usingizi: risasi na zebaki zote zimechimbwa ardhini, hakuna aliyezibuni maabara.

Mkimaliza kusoma, toeni kila kilichopo chini ya sinki na kwenye kabati la bafu, mkipange mezani. Ninavyowajua, kuna vitu viwili vitatu vya kazi ileile moja. Bakisheni kimoja. Mnavyovitoa msivimimine pamoja kwenye ndoo moja wala kwenye bomba, maana huko navyo vitakutana. Makopo ya kupuliza yasitupwe motoni, yanalipuka. Krimu mnayoishuku ifungeni kwenye mfuko usiovuja, muulize kituo cha afya au ofisi ya mazingira ipelekwe wapi, na taulo lililokuwa likitumika nayo liende pamoja nayo.

Ndimi babu yenu,
mwalimu mstaafu.